Kutoka kompyutani hadi kiunoni

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Kisauni. Kazi yangu ni kusanifu michoro kwa kompyuta: nembo, kadi za harusi, menyu za mikahawa, mabango. Sijaajiriwa, najitegemea. Kazi za wateja zanilisha lakini zimeanza kunichosha, na nataka mradi wangu mwenyewe. Nimekusudia kuchora leso 12, moja kila mwezi. Nimeanza ya kwanza. Ina rangi saba na ua kubwa katikati, lakini kila nikiitazama naona si leso, ni bango. Nakosea wapi? Na je, naweza kuichapa mwenyewe nyumbani kabla ya kutafuta kiwanda?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Jicho lako halijakudanganya. Bango hubandikwa ukutani likatazamwa lote mara moja, mtu akiwa amesimama mbele yake. Leso haipati bahati hiyo. Hufungwa kiunoni ikajikunja, ikapishana mbele, na wanaoisoma wengi wako nyuma ya aliyeivaa. Ya pili hutupwa mabegani au kichwani, na hapo pindo ndilo linalouzunguka uso. Umechora kwa ajili ya skrini, basi umepata kitu cha skrini.

Kabla ya michoro, hesabu yako ya 12. Punguza. Leso moja iliyofika kitambaani itakufunza zaidi ya 12 zilizobaki kwenye kompyuta, maana nusu ya makosa ya leso hayaonekani mpaka wino uguse pamba. Panga tatu, kila moja miezi miwili, na uzitengee saa nne kwa wiki katika siku ambayo wateja hawakupigii sana. Mradi wa nafsi haufi kwa kukosa kipaji. Mara nyingi huuliwa na kalenda.

Sasa chukua utepe wa kupimia na leso tatu za nyumbani, ikiwezekana za umri tofauti, uzitandaze sakafuni. Utaona zote zina mambo matatu: pindo linalozunguka pande nne, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa ndani ya kisanduku sehemu ya chini ya mji. Pima urefu, upana, unene wa pindo, kimo cha herufi, na nafasi kati ya jina na pindo. Vipimo hutofautiana kidogo kutoka chapa hadi chapa, ila vingi huangukia karibu na sentimita 150 kwa 110. Nitatumia hizo hapa, na pindo la sentimita 15.

Wanaoanza wengi huchora ua la mji kwanza, kisha wakalizungushia pindo kama fremu ya picha. Geuza. Anza na pindo, kwa sababu pindo lina hesabu na mji hauna. Toa kona nne za sentimita 15 kwa 15, na upande mrefu unabaki na sentimita 120, upande mfupi 80. Kigae chako, yaani kile kipande cha mchoro kinachojirudia, lazima kigawanye namba zote mbili bila baki. Kigae cha sentimita 20 kinaingia mara 6 upande mrefu na mara 4 upande mfupi. Cha 10 kinaingia mara 12 na mara 8. Cha 12 kinaingia mara 10 upande mrefu, ukashangilia, kisha upande mfupi kikagoma: mara 6 na baki ya sentimita 8. Hapo ndipo watu hunyoosha mchoro kidogo “usionekane”, nao huonekana, kwa sababu jicho la mnunuzi wa leso limezoea mapindo tangu utotoni. Leso yako ikiwa na vipimo vingine, usiubane mchoro. Badilisha upana wa pindo mpaka namba mbili zilizobaki zikubali kugawanywa na kitu kimoja.

Kona nayo ichorwe kama mchoro wake. Ukikata kigae kwa mshazari wa nyuzi 45 na kukiunganisha na mwenzake, korosho, yale maumbo ya tunda la korosho yanayopamba leso, zitakatwa vichwa. Chora kona yenye kitu kimoja kinachojitosheleza, ua au duara, na uhakikishe mistari inayoingia kutoka kigae cha kushoto inatokea sawasawa kwenye kigae cha kulia baada ya kugeuza robo mzunguko.

Mji uliobaki ni sentimita 120 kwa 80. Kisanduku cha jina, tuseme, kina kimo cha sentimita 8 na kimekaa sentimita 4 juu ya pindo la chini. Hizo 12 zimeshaondoka, kwa hiyo nafasi halisi ya mchoro wako ni kimo cha 68. Kitovu chake kiko sentimita 46 kutoka pindo la chini, wala si 40 kama kompyuta inavyokuambia unapobofya kuweka katikati. Sentimita sita hizo ndizo zinazofanya miji mingi ya wanafunzi ionekane imelemea chini. Na kuhusu ua lako kubwa la pekee: leso ikifungwa kiunoni, sehemu ya juu hukunjwa, na ua hilo litakwenda kukaa mahali ambapo mvaaji hakulikusudia. Litawanye, au liweke kama maua matano.

Jina ndilo roho ya leso, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza, urefu. Herufi kubwa zenye kimo cha sentimita 4 husomeka vizuri kutoka hatua tatu nne. Herufi ya namna hiyo, pamoja na mwanya wake, huchukua wastani wa sentimita 3. Kisanduku chako kikiwa na nafasi ya sentimita 100, una herufi 33, ukihesabu na nafasi kati ya maneno. “Hasidi hana sababu” ni 18, limo na linapumua. “Mgeni njoo mwenyeji apone” ni 25. “Maji yaliyomwagika hayazoleki” ni 29, na limeshaanza kujaa, kwa sababu M na W ni pana kuliko wastani na maneno yetu yamezipenda. Likizidi, fupisha maneno. Usiminye herufi kwa kuzivuta kutoka pembeni. Nguzo za wima zitakonda na mistari ya ulalo itabaki minene, na kitambaani tofauti hiyo huongezeka.

Pili, mianya. Fonti nyingi zimetengenezwa na watu waliokuwa wakifikiria lugha nyingine. Kiswahili kinarudia YA, WA, VY, AY na KA bila huruma. Andika MAJI YALIYOMWAGIKA HAYAZOLEKI kwa herufi kubwa, kisha punguza macho kama mtu anayetazama jua: utaona mashimo meupe kati ya Y na A, na msongamano pale penye LI na KI. Rekebisha kwa mkono, jozi moja moja. Ukimaliza, ligeuze neno juu chini kwenye skrini, ulitazame kama mchoro usiosomeka. Mashimo yaliyobaki yatajitokeza yenyewe.

Tatu, alama ya ng'. NG'OMBE, NG'ARA, KUNG'ANG'ANIA: fonti za bure hukosa alama hiyo, au huweka mkwaju ulionyooka unaofanana na uchafu wa wino. Ichore mwenyewe kama koma iliyopandishwa juu, na uisogeze karibu na G, maana ikipewa nafasi yake kamili neno hupasuka vipande viwili.

Nne, maana. Jina la leso husema badala ya mtu, kwa hiyo jiulize nani anamwambia nani: mama kwa mwana, mke mwenza kwa mwenziwe, jirani kwa jirani. Neno lisilo na msemaji huwa kama onyo la ukutani ofisini. Kabla hujachapa, wasomee mama wawili watu wazima, wasiokaa nyumba moja, uwaulize wangempa nani leso hiyo. Wakicheka kwa namna ambayo hukuitarajia, kuna maana ya pili uliyoikosa. Fumbo ni zuri likiwa la kukusudia.

Leso za zamani zilikuwa na majina kwa hati ya Kiarabu kabla herufi za Kilatini hazijashika. Ukivutiwa na mtindo huo, angalia programu yako: nyingi, usipowasha uandishi wa kutoka kulia, huzitenganisha herufi na kuzipanga kinyume. Kiswahili nacho kinataka herufi za p na ch ambazo Kiarabu chenyewe hakina. Mpe msomaji wa hati hiyo akague mara mbili, kabla na baada ya kugeuza maandishi kuwa mchoro, kwa sababu mara nyingine huharibika katika hatua hiyo ya mwisho.

Tuje kwenye rangi zako saba. Katika uchapaji wa wavu, ambao wino husukumwa kwa mpira kupitia wavu uliokazwa kwenye fremu, kila rangi ni fremu yake, na kila fremu ni nafasi nyingine ya kukosea. Kisutu kimeheshimika vizazi vingi kwa nyeupe, nyeusi na nyekundu tu, na nyeupe yenyewe mara nyingi ni kitambaa kilichoachwa wazi. Chukua rangi mbili juu ya kitambaa cheupe. Wino wa maji wa kitambaa huwa unapenyesha mwanga: bluu ikipita juu ya manjano inazaa kijani. Basi una rangi nne kwa fremu mbili, ukipanga vizuri mahali pa kupishanisha. Anza daima na iliyo nyepesi. Nyeusi iwe ya mwisho, nayo ndiyo inayoficha dhambi za waliotangulia.

Mahali rangi mbili zinapokutana bila kupishana, ipanue iliyo nyepesi iingie chini ya nzito kwa milimita moja. Kwenye kadi za harusi umezoea sehemu ndogo sana ya milimita, karatasi haitembei. Pamba hutembea. Usipoacha hiyo milimita, utapata uzi mweupe unaozunguka kila ua upande mmoja, kana kwamba lina kivuli kilichokosewa. Kwa sababu hiyohiyo usichore mstari mwembamba chini ya milimita moja.

Mchoro uwe wa vekta, yaani wa mistari inayokuzwa bila kuharibika. Ukiupenda mkono wako, na naona leso huupenda mkono kuliko mistari iliyonyooka ya kompyuta, chora kwa brashi na wino mweusi kwenye karatasi, iskani kwa nukta 600 kwa inchi, halafu uifuatishe. Kila rangi ihifadhiwe kwenye faili yake, yote ikiwa nyeusi tupu bila kijivu, na alama za kulinganisha mahali palepale katika kila faili. (Wapo wanaoiagiza akili unde iwatolee leso nzima. Hutoa picha yenye vivuli mamia na pindo ambalo kigae cha tatu hakifanani na cha pili. Kuitenganisha kuwa rangi mbili ni kazi ndefu kuliko kuchora upya.)

Kabla ya kununua hata chupa moja ya wino, fanya majaribio mawili ya karatasi. La kwanza: punguza leso nzima hadi robo, itakuwa sentimita 37.5 kwa 27.5, inayoingia kwenye karatasi ya A3 katika duka lolote la kuchapisha. Itazame kutoka sentimita 60. Ni sawa na kuitazama leso halisi kutoka mita 2.4. Kisichosomeka hapo hakitasomeka mtaani. La pili: chapa jina kwa kimo chake kamili kwenye karatasi za A4, ziunganishe kwa gundi, zibandike kwa pini juu ya leso ya zamani, na umfunge mtu kiunoni. Mwambie atembee, akae, ainuke. Jina likimezwa na mkunjo, lisogeze.

Je, unaweza kuchapa nyumbani? Unaweza, ukikubali kuchapa kigae kwa kigae badala ya leso nzima kwa fremu moja. Fremu ya mita moja na nusu inataka watu wawili na meza ambayo hutaipata Kisauni katika chumba cha kupanga. Kwa mpango wetu unahitaji, kwa kila rangi, fremu nne ndogo: kigae cha pindo cha 20 kwa 15, kona, korosho ya mji, na jina. Ukizipanga korosho safu 6 kwa upana kila sentimita 20, na mistari 4 kwa kimo kila sentimita 17, mji wako wa 120 kwa 68 umejaa. Jumla ya miguso kwa rangi moja ni 20 ya pindo, 4 ya kona, 24 ya mji na 1 ya jina: 49 kwa leso moja, 98 kwa doti, yaani leso mbili. Hiyo ni siku nzima.

Ndani ya kila fremu acha angalau sentimita 10 kuzunguka mchoro, pa kukaa wino na pa kupumzikia mpira wa kukokotea. Kigae cha 20 kwa 15 basi kinataka fremu yenye nafasi ya ndani ya 40 kwa 35. Wavu uwe wa nyuzi 43 kwa sentimita. Wa 77 unaouzwa kwa kazi za karatasi hupitisha wino kidogo mno na pamba huunywa wote, ukabaki na rangi iliyopauka.

Dawa ya picha inayopakwa wavuni, emalshani, ndiyo inayowatoa machozi wengi hapa pwani, na sababu ni hewa. Inataka kukauka kabisa gizani kabla ya kupigwa mwanga. Kwa unyevu wa Mombasa inaweza kuonekana kavu kwa kidole na bado ni mbichi ndani. Ukiipiga mwanga hivyo, siku ya kuosha itateleza yote kama ngozi ya maziwa. Paka tabaka jembamba mara moja kila upande, ilaze fremu upande wa kuchapia ukitazama chini, na uwashe feni usiku kucha katika chumba kilichofungwa. Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamepamba moto, usijisumbue. Tumia muda huo kuchora. Kaskazi ikivuma, Januari na Februari, kazi hii huwa nyepesi.

Filamu ya mchoro unaweza kuichapa kwa printa ya leza kwenye plastiki angavu, lakini weusi wake mara nyingi hupitisha mwanga. Iinue juu ya taa: ukiona taa kupitia nyeusi, chapa nakala mbili na uzibandike moja juu ya nyingine. Mwanga ni jua la saa sita mchana, la bure na kali. Usinakili muda wa mtu, kwa sababu kila dawa ina kasi yake. Pima: funika filamu ya majaribio kwa kadibodi, ifunue sehemu moja kila baada ya sekunde 15, mara sita. Osha. Palipoteleza mwanga ulikuwa mchache. Pasipofunguka hata kwa maji ya nguvu ulizidi. Chukua muda wa kati, uuandike juu ya fremu kwa kalamu isiyofutika.

Kitambaa cha majaribio kiwe bafta nyeupe ya pamba. Ifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni. Inapotoka dukani ina wanga, na wino hukaa juu ya wanga bila kuingia, kisha hutoka nao katika fuo la kwanza. Pamba nayo hurudi, mara nyingi sentimita tatu hadi tano kwa kila mita. Ni heri irudi kabla ya hesabu zako za pindo kuliko baada. Piga pasi, itandaze juu ya meza iliyowekwa blanketi na plastiki, uinyooshe kwa pini. Tandaza nyuzi za kushonea kutoka ukingo hadi ukingo kuonyesha mistari ya pindo na ya safu za mji. Chaki ya fundi inatosha kwa alama ndogo.

Wino nunua ule wa maji, ulio na binda (gundi inayoishika rangi kitambaani) tayari, na pigmenti uongeze mwenyewe: gramu 10 hadi 50 kwa kila kilo, kulingana na ukolezaji. Ukizidisha pigmenti ukidhani rangi itakolea zaidi, binda haitoshi kuishika na leso itatoa rangi daima. Tenga gramu 150 kwa leso moja kwa majaribio, utabakisha.

Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vya ughaibuni havitakuambia: usiuzimue wino kwa maji ya kisima. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na chumvi huvunja uzito wa wino wa namna hii. Dakika chache tu unakuwa mwepesi kama chai, unatambaa nje ya mistari, na wewe unalaumu wavu. Tumia maji baridi yasiyo na chumvi, ya mvua au ya chupa. Kuoshea fremu, ya kisima hayana neno.

Kuchapa kwenyewe ni mwendo wa mkono. Mpira uinamishe kama ngazi iliyoegemea ukuta, vuta mara mbili kwa nguvu ileile, inua fremu upande mmoja kwanza. Usichape vigae vikifuatana. Chapa cha 1, cha 3, cha 5, subiri vikauke, kisha rudi kwenye 2, 4, 6. Ukivifuatanisha, mgongo wa fremu utakanyaga kigae kibichi na kukihamishia wino wake mahali pengine, na doa hilo halitoki. Feni iliyokusaidia kukausha dawa sasa izime, maana inakausha wino ndani ya matundu ya wavu, na kuanzia mguso wa kumi utaona mistari myembamba ikipotea. Dalili hiyo ikianza, pangusa wavu kwa kitambaa chenye maji, chapa mara mbili kwenye gazeti, endelea. Ukienda kula, osha fremu kwanza. Usijiambie ni dakika tano.

Acha kitambaa kikauke siku nzima, kisha piga pasi kwa nyuma, bila mvuke, pasi ikiwa kwenye alama ya pamba, dakika tatu hadi tano kila mahali. Wino mwingi unataka kufikia nyuzi 150 au 160 za Selsiasi ndipo ushike; soma chupa yako. Ngoja siku tatu, kisha sugua kona kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka safi, fua. Kikitoka na rangi, rudia pasi kwanza kabla ya kulaumu binda.

Kuna njia ya mkato ambayo maduka ya mabango mjini yatakupa: kuhamisha rangi kwa joto la mashine. Inashika kwenye poliesta tu. Utapata kitu chenye sura ya leso, chenye rangi zako saba zote, kisichonyonya jasho na kinachoteleza kiunoni. Kwa picha ya maonyesho inafaa, kwa kuvaliwa hapana. Kiwanda nacho huchapa kwa maelfu ya mita, kwa hiyo mlango huo uuache mpaka doti zako za mkono ziwe zimeulizwa na watu wasio jamaa zako.

Kuhusu haki, kwa ufupi. Hakimiliki ya mchoro ni yako tangu unapouchora, ila kuisajili kwa bodi ya hakimiliki, KECOBO, hukupa ushahidi. Sura ya leso kama bidhaa husajiliwa na KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwandani, kwa miaka mitano, na unaweza kuihuisha mara mbili, jumla 15. Peleka maombi kabla hujaitia picha mtandaoni, maana upya wa mchoro ni sharti. Methali haimilikiwi na mtu. Upangaji wako wa herufi ndio wako. Na mteja wa harusi akiipenda korosho yako, muuzie ruhusa ya kuitumia kwa kadi zile, kwa maandishi. Usimpe faili yenyewe.

Chapa daima doti, leso mbili zilizofuatana, na sentimita tatu za wazi kati yake za kukatia. Kila ukingo uache sentimita moja na nusu nje ya pindo kwa fundi wa kupinda.

Umesahau kuuliza wapi utie alama yako, na naona ni swali utakalolikumbuka usiku. Chukua leso ya Kaderdina Hajee Essak, duka lililoanza Mombasa mwaka 1887, uangalie ukingoni: “Mali ya Abdulla”, kwa herufi ndogo, nje kabisa ya mchoro. Yako iwe na kimo cha milimita 5, rangi ileile ya pindo. Usiiweke katika ile sentimita moja na nusu ya kupindia. Fundi ataikunja ndani na hutaiona tena. Iweke milimita 3 ndani ya mstari wa kushona, kona ya chini kulia, na uiunganishe kwenye fremu ya kona hiyo moja. Zile kona nyingine tatu, ziba alama kwa utepe wa gundi kabla ya kuchapa.